Sura ya Tisa: Mashine ya Bwana Pasi

Sajini Isihaka Alawi aliubwaga muundi wa ng'ombe juu ya kitanda cha wagonjwa, damu ikarukia shuka jeupe la Daktari Garside. Alifanya makusudi. Tangu aliposhuka kwenye basi la kutoka Iringa, vumbi la Igawa likiwa bado puani, alikuwa akitafuta kitu cha kubwaga, na kumbwaga daktari mwenyewe sheria haikumruhusu.

"Sajini!" alifoka Superintendent, Mwingereza mrefu aliyekuwa mkuu wa polisi wa Mbeya. "Hapa ni zahanati, si bucha."

"Naam, bwana. Lakini kuna mtu alipikwa hapa."

Mtu mwenyewe alikuwa Bartholomeo Kalinga, dereva wa lori, Mhehe wa Kilolo, mcheshi kupindukia. Goti lilimsumbua. Akasikia kwamba Mbeya kuna daktari wa Kizungu mwenye mashine mpya kutoka Ulaya, inayopasha nyama ya mwili joto kwa ndani, tena kwa sauti ambayo sikio la binadamu haliisikii. Daktari anapaka mafuta, kisha anapitisha kichwa cha chuma juu ya ngozi, huku na huku, na kwa ajili hiyo watu wa mjini wakampachika jina la Bwana Pasi. Bartholomeo alipigwa pasi mara kadhaa. Ile ya mwisho alirudi kwao akicheka. Hazikupita siku nyingi mguu ukavimba, ukaoza, ukanuka nyumba nzima. Hospitali ya serikali ya Iringa waliukata, lakini walikuwa wamechelewa.

Daktari wa serikali aliyeuchunguza ule mguu alimwita Isihaka aje aone mwenyewe. Ngozi ya juu haikuwa na alama ya moto, wekundu kidogo tu. Ndani, chini ya goti, nyama iliyoshikamana na mfupa ilikuwa imeiva. Imeiva hasa, kijivu. Mjane wa Bartholomeo, Benedicta, alimngoja Isihaka nje ya chumba cha maiti akamuuliza swali moja tu: "Afande, mume wangu alikwenda kwa daktari au kwa mpishi?" Swali lile lilimtafuna Isihaka njia nzima.

Sasa alimsogezea daktari ule muundi. "Ufunge kama ulivyomfunga Bartholomeo."

Garside alikuwa mnene, shingo nyekundu, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuwaamrisha watu shambani. "Mimi hapana fanya mchezo ya nyama."

"Fanya, Garside," Superintendent alisema kwa kuchoka. "Tumalize."

Ukutani ulining'inia mkanda wa ngozi wenye bizimu la kukazia, kazi ya fundi viatu. Daktari aliupaka muundi mafuta, akaweka kichwa cha chuma pale mfupa ulipo karibu, akakikaza kwa ule mkanda, akawasha. Mashine ikaunguruma kidogo, basi. Hakuna moshi, hakuna harufu. Superintendent alivuta sigara akaimaliza, akawasha nyingine. Ndipo Isihaka akafungua mkanda, akachukua kisu, akapasua.

Juu nyama ilikuwa mbichi, nyekundu vilevile. Kisu kilipofika mfupani, Superintendent aliinama, akatazama, akaisahau sigara yake mdomoni. Pale mfupani palikuwa na duara la nyama ya kijivu inayofuka mvuke.

Isihaka akaleta muundi wa pili. Huu hakuufunga. Alikishika kichwa cha chuma kwa mkono wake akakizungusha bila kutulia, muda uleule, hadi bega likamuuma. Alipopasua, nyama yote ilikuwa mbichi hadi mfupani, vuguvugu tu.

"Hii nyama iko kufa," daktari alisema. "Damu hapana tembea. Mtu mzima damu yake inachukua moto, inapeleka mbali."

"Kweli kabisa, daktari wa Iringa kaniambia hivyohivyo. Kaniambia pia kwamba mfupa unakunywa joto kuliko nyama, kwa hiyo tiba hii inapangwa kabla ya kuwashwa. Mfupa uko wapi, moto uwe kiasi gani, uwake kwa muda gani. Halafu ikishawaka, mgonjwa analindwa na vitu viwili: mkono usiotulia, na maumivu yake mwenyewe. Akisema 'aa!' unazima. Sasa niambie, daktari, huu mkanda ndio mkono wa nani?"

"Ya Esta. Nesi mvivu. Mimi nasema shika kwa mkono, yeye nafunga. Halafu nakimbia, naacha mashine inawaka. Mimi iko nyumbani na wageni, hapana mtu anaambia mimi kitu."

"Na maumivu? Ulimchoma Bartholomeo sindano yoyote ya ganzi?"

"Hapana. Mafuta tu. Yeye Mhehe. Mhehe hapana lia."

Isihaka aliuma meno. Alikuwa ameishi na Wahehe miaka mingi, na wakiungua wanalia kama watu wote walioumbwa na Mungu. Nyuma ya paja la marehemu, daktari wa Iringa alikuta tundu dogo la sindano. Habari hiyo waliijua daktari huyo, Isihaka na Superintendent tu.

Walipotoka nje, Superintendent alimzuia karibu na gari. "Sindano hata nesi anaweza kuchoma. Na nesi ndiye aliyekimbia, hilo yeye mwenyewe halikatai. Kesho anapelekwa kwa hakimu kwa kosa la kuua. Anadai alimwambia Garside kwamba mashine inawaka. Haya, niletee mtu aliyemsikia akimwambia. Kama hayupo, usinichafulie tena shuka za watu."

"Nikimpata, bwana?"

"Umpate kwanza."

Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga. Isihaka aliupisha mlango wa gari ukafungwa, lakini moyoni aliwatukana wahenga na mwenye nguvu pamoja.

Esta walimleta kwenye chumba cha mahojiano akiwa amevaa gauni lake la unesi, limeshaingia uchafu wa mahabusu. Alikuwa Mnyakyusa wa upande wa Tukuyu, mama wa watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Gauni lilikuwa limelowa kifuani. Mlangoni alisimama Mama Matilda, mlinzi wa mahabusu ya wanawake, mtu wa hukohuko Tukuyu, mikono kiunoni.

"Nani aliufunga mkanda?" Isihaka alianza.

"Daktari. Kila siku yeye. Anasema nesi mmoja ahudumie vyumba viwili."

"Siku ile Bartholomeo alikuwaje?"

Esta alitazama meza. "Zamani alikuwa anapiga kelele, afande. Joto likizidi ananiambia, 'Dada, unaniunguza!' nami nasogeza mkanda, napunguza. Daktari akanigombeza, akasema nampotezea muda. Siku ile nilimkuta ameshalazwa, ameshafungwa. Daktari akaniambia nikae, nitazame saa, nizime muda ukifika. Nikamuuliza mgonjwa, 'Inauma?' Akasema haiumi kabisa. Alikuwa anaimba."

"Anaimba?"

"Anaimba, anacheka, ananisimulia habari za lori lake. Nikamwacha kidogo, nikaenda kumtazama mgonjwa wa chumba cha pili, kule mlango wa nyuma."

Isihaka alisimama akaenda dirishani. Mtu anaiva mguu huku anaimba! Alihesabu pumzi hadi hasira ikashuka, akarudi kitini.

"Halafu ukakimbia."

"Nilikimbia."

"Kwa nini?"

Kimya.

"Ulikimbia wapi?"

"Mlango wa nyuma. Nikazunguka hadi barazani kwa daktari, pale ubavuni mwa zahanati. Nikamwambia, 'Bwana, mashine inawaka, mimi siwezi kupita, nenda ukazime.' Akakataa. Nikarudia."

"Kwa nini usingeweza kupita? Ukumbi ni huohuo wa kila siku!"

Esta aliuvuta upande wa kitambaa chake cha kichwani akajifunika uso.

"Nani alikusikia ukimwambia?"

Esta alikikaza kitambaa usoni.

Hapo Isihaka akapiga meza kwa kiganja. "Unamficha nani? Eh? Una bwana wa pembeni alikuja pale, unaona haya mumeo asijue? Kesho unafungwa, mama! Mwanao atanyonya kwa nani? Mtu amekufa, mjane wake ananiuliza maswali siwezi kujibu, na wewe unanifunikia uso!"

Esta alilia bila sauti.

"Sajini!" Mama Matilda aliingia ndani bila kuitwa. "Hebu toka hapa. Toka, nikuambie kitu huko nje, kabla sijakuvunjia heshima mbele ya mahabusu."

Ukumbini alimgeukia kwa kidole. "Nyie watu wa asili ya pwani mkishajua kusoma na kuswali mnadhani mmemaliza dunia. Bwana wa pembeni! Hukuona alivyojifunika? Kwetu mwanamke akiolewa, baba mkwe hamwoni, hamwangalii, hampiti karibu, hazungumzi naye. Jina lake halitaji hata ukimchinja. Akimwona njiani anaingia kichakani. Mkwe naye akisikia mkwewe yuko mbele, anakwepa. Wachungaji wamehubiri weee mpaka wamechoka, ndani ya kanisa wanakubali, nje wanakwepana. Mimi nina wajukuu na bado nakimbia."

Isihaka alihisi masikio yakimwaka. Amekaa nyanda hizi miaka chungu nzima, ameona wanawake wakiruka pembeni mwa barabara, akadhani wanaogopa sare yake. Mpumbavu wee, alijiambia.

"Kwa hiyo pale ukumbini…"

"Alikuwepo mkwe. Amekaa kwenye benchi, kati ya mlango wa nyuma na chumba cha mashine. Angepitaje?"

"Mkwe mwenyewe nani?"

"Mwulize yeye atakufa hajasema. Niulize mimi." Mama Matilda alimvuta hadi dirishani. Ng'ambo ya barabara alikaa mzee mmoja kwenye jiwe, kofia magotini, mgongo ameupa kituo cha polisi. Isihaka alishampita asubuhi, akakereka kuona mtu anawapa polisi kisogo. "Abrahamu Mwaisumo. Anapeleka maziwa kwa daktari, na vyombo vyake huvingoja kwenye benchi lile. Anakaa pale tangu walipomleta Esta."

Isihaka alivuka barabara mbiombio. Alipofika aliivua kofia yake ya polisi. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa."

"Nimechelewa, baba. Mbona hukuingia ndani ukatuambia?"

"Humo yumo mke wa mwanangu. Nitaingiaje? Nilimwambia askari wenu wa mlangoni anitolee mtu wa kuzungumza naye. Akaniambia kama nauza maziwa nizunguke nyuma."

Isihaka alijiwekea askari yule akilini, kwa siku nyingine. "Siku ile ulikuwa kwenye benchi?"

"Nilikuwa nangoja vyombo vyangu. Nikasikia mwanamke anasema kule barazani. Nikajua ni yeye, na nikajua anashindwa kupita kwa ajili yangu. Nikainuka nikatoka kwa mlango wa mbele, mbali kabisa, ili njia iwe wazi." Mzee alikunja kofia yake. "Nilidhani ataona nimeondoka. Hakuona. Naye alikuwa amekimbilia migombani akijificha, asije akaniona. Kila mmoja kampisha mwenzake. Na yule Mhehe ndani hana mtu."

"Daktari alimjibu nini, baba?"

Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza. "Hayo nitayasema mara moja tu, mbele ya mkubwa wako, na daktari akiwepo. Sitaki kuyasema nyuma ya mtu."

Ofisini kwa Superintendent, Garside alikaa kitini miguu mbele, anatazama saa yake. Mzee Abrahamu alikataa kiti. Isihaka alieleza mambo ya benchi, baraza na ukwe. Daktari alicheka hata kabla hajamaliza.

"Utaratibu ni utaratibu," Superintendent alisema. "Mzee anasema alimsikia Esta. Basi amtambue. Nitapanga wanawake watatu mstari mmoja, amguse yule aliyezungumza."

"Hapana," mzee alisema.

"Unakataa?"

"Siwezi kumwangalia. Na hata nikimwangalia haitakusaidia, bwana. Sura yake siijui."

"Mke wa mwanao humjui sura?"

"Sijawahi kumwona usoni tangu alipoolewa."

Garside alijipiga paja. "Hii ndiyo shahidi? Hapana jua mtu yake!" Akainuka kutafuta kofia. "Mimi nakwenda."

"Kaa!" alisema Isihaka. Neno lilimtoka kabla hajalipima; hakuna sajini Mwafrika aliyewahi kumwambia Mzungu neno hilo ndani ya ofisi ile. Superintendent alimtazama Isihaka kwa muda. Kisha akamtazama daktari. "Kaa kidogo, Garside."

Isihaka aligeuka kwa mzee. "Baba, sauti yake je?"

"Sauti?" Mzee aliguna. "Nyumba zetu zimetenganishwa na migomba tu. Kila asubuhi nasikia anaita watoto, anagombana na kuku, anaimba akipepeta. Sauti yake naijua kuliko ya mwanangu."

"Bwana," Isihaka alimwambia Superintendent, "uliomba utambuzi. Wapange hao wanawake nyuma ya mlango. Waseme maneno yaleyale, mmoja mmoja, kwa mpangilio utakaouchagua wewe mwenyewe."

Superintendent alitoka mwenyewe. Walimsikia akisogeza watu ukumbini, Mama Matilda akilalamika kwamba anasukumwa. Akarudi, akafunga mlango, akabisha kwa kidole.

"Bwana, mashine inawaka," ilisema sauti ya kwanza.

Mzee alitikisa kichwa.

"Bwana, mashine inawaka!" ilifoka ya pili.

"Huyo ni yule mama anayegomba," mzee alisema. "Nimemsikia asubuhi yote."

Akabisha mara ya tatu. "Bwana, mashine—"

Haikumaliza. Mzee Abrahamu alishageuka, kofia kaiweka usoni, anapapasa ukuta kutafuta pengine pa kutokea. Alikuwa amefika pembeni mwa kabati, uso ukutani, mabega yamekunjamana, mzima mzima anatafuta kumpisha mtu aliye nyuma ya mlango. Hakuna mtu angeweza kumfundisha kufanya vile. Superintendent hakuuliza kama ndiye.

"Sasa sema, mzee," Isihaka alimwambia kwa upole. "Alijibiwa nini?"

Mzee alizungumza na ukuta. "Yeye alisema, 'Bwana, mashine inawaka, siwezi kupita, nenda ukazime.' Daktari akasema, 'Wacha ushenzi yako.' Akasema tena, 'Bwana, mgonjwa ataungua.' Daktari akacheka na wageni wake. Akasema, 'Wacha yeye. Mimi nimepiga yeye sindano, hapana sikia kitu.'"

Superintendent aliiweka kalamu mezani polepole.

"Mzee, nani alikuambia habari za sindano?"

"Nani aniambie? Nimesema nilichosikia."

"Garside." Superintendent alikuwa amepauka. "Asubuhi ulisema hukumchoma. Tundu la sindano lipo kwenye maiti, na humu Mbeya tulilijua wawili tu. Mtu analia kwamba anaungua, wewe unapunguza kilio badala ya kupunguza moto?"

Daktari alisimama, shingo imekuwa rangi ya ini. Alipiga hatua hadi mlangoni akaufungua kwa nguvu. Esta alikuwa pale ukumbini, kitambaa usoni, Mama Matilda amemshika mkono.

"Wewe!" Garside alipiga kelele. "Hatua chache tu! Mlango iko pale! Kwa nini wewe hapana pita? Kwa nini?"

Isihaka alijitia katikati yao. Lakini Esta alikwisha shusha kitambaa. Alijua vizuri nani yumo mle ndani, uso ukutani, alimwona mgongo. Akazungumza kwa sauti ya kusikika chumba kizima, jambo ambalo hajalifanya mbele ya mkwe wake tangu aolewe.

"Mimi dhambi yangu naijua," alisema. "Nitaibeba hadi kaburini, na kwa mke wa yule mtu nitakwenda kwa miguu nimwangukie. Mimi nilishindwa kupita kwa ajili ya heshima. Wewe, bwana, ulikuwa umekaa unakunywa chai. Wewe ulishindwa kwa ajili ya nini?"

Mzee Abrahamu hakugeuka. Superintendent alizunguka meza, akamfikia daktari, akanyoosha kiganja mbele yake.

"Funguo za gari, Garside," alisema. "Na za zahanati."